Jino la Gwamaka

Mandewa, Singida

Mama yangu,

Shikamoo. Ipokee kama nimepiga magoti kabisa, maana humu ndani kuna mambo ambayo mtoto hamwambii mama yake akiwa amesimama wima. Goti lako linaendeleaje? Na baridi ya Tukuyu, bado mnaamka mmefunikwa na ukungu? Huku ni upepo na vumbi tu, alizeti zimeshavunwa, mashamba yamebaki mabua. Mimi ni mzima. Vidole vyangu tu ndivyo vimekuwa vya kahawia, kama mtu aliyemenya ndizi mbichi za msiba mzima, na sabuni haitoi. Utajua kwa nini.

Anayekukabidhi barua hii ni Gwamaka mwenyewe. Tafadhali usianze kumkodolea macho mdomoni. Mkaribishe, mpe chakula laini, mwache alale, halafu vaa miwani yako usome peke yako. Usimwite mtoto wa jirani akusomee. Kwenye simu sikusema kwa sababu wewe simu unaiweka spika, halafu habari za nyumbani kwetu zinajulikana mpaka sokoni.

Najua alikudanganya kwenye simu kwamba ameanguka na bodaboda. Muongo mkubwa. Na wewe hukumwamini, ukanipigia mimi, ukauliza, "Tumpe, nani kamvunja mwanangu meno?" Nikakwambia mtandao unakata. Haukukata, Mama, simu niliikata mimi. Leo nitakujibu, ila uniache niende kwa mpangilio, kwa sababu nikianza na jina la mtu utaitia barua jikoni kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka ulipomtuma Gwamaka kwangu nimtafutie kazi. Hukuniambia nimlishe wala nimwangalie na wanawake wa huku. Ulisema neno moja: "Usimpige mdogo wako." Nilicheka kweli. Mtu ana ndevu, ana mabega ya kubebea gunia, bado unamlinda na mkono wangu! Nikakuahidi.

Kazi yangu nayo ngoja nikueleze, maana kanisani unawaambia watu kwamba Tumpe anapima dhahabu. Sipimi dhahabu. Napima dawa. Mtambo wetu uko nje kidogo ya Misigiri. Tunanunua marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wameshausaga na kuuosha wakachukua chao, tunauloweka kwenye matangi yenye sayanaidi ili utoe dhahabu iliyobaki. Sayanaidi ni sumu. Ng'ombe akiinywa hafiki mbali. Kwa hiyo maji yakishatumika, kabla hayajaenda bwawani, lazima yatiwe dawa nyingine ya kuiua hiyo sumu, inaitwa peroksaidi. Inakuja kwenye mapipa ya bluu, na kwa macho ni maji matupu. Utaijua ikikugusa. Ngozi inageuka nyeupe hapo hapo na kuwasha mpaka unaruka.

Sasa, peroksaidi ina tabia mbaya ya kufa. Ikipigwa na jua, ikikaa sana, inachoka yenyewe ndani ya pipa na huwezi kujua kwa kuiangalia. Ndiyo maana mimi nina kazi. Pipa likiingia nachota kidogo, naizimua kwa kipimo, natia asidi, halafu naidondoshea pamanganeti, maji ya zambarau iliyokolea, kutoka kwenye bomba la kioo lenye mistari tunaloliita bureti. Dawa ikiwa hai inaila ile rangi. Tone linaanguka, zambarau inapotea, unadondosha jingine, inapotea. Dawa iliyomo ikiisha, tone moja linagoma kupotea, maji yote yanakuwa ya waridi hafifu, unafunga koki na kusoma mistari. Zambarau nyingi ikiliwa, dawa ni kali. Ikiliwa kidogo, dawa imekufa, na sisi pale mtamboni dawa iliyokufa tunaiita "maji", kama wewe unavyosema chai ya wifi yangu ni maji. Neno hilo lishike, Mama, maana ndilo lililotaka kukuulia mtoto.

Gwamaka nilimpatia kazi ya kumwaga hiyo dawa kwenye tangi la maji machafu. Kazi rahisi. Unachota kipimo ulichoambiwa, unamimina, unasubiri, unafungua koki. Tatizo lake unalijua, usingizi. Mara mbili nilimkuta amelala chini ya tangi na ndoo imemfunika uso. Nilimtukana, sikumpiga.

Mwisho wa juma ule nilikuja huku Mandewa kufua na kupumzika. Nikiwa sipo, mapipa mapya yakaingia. Meneja wetu, mwanaume mmoja mwenye haraka ya kila kitu, akasema yafunguliwe tu, kazi isisimame kwa sababu ya binti wa maabara. Maji yakatiwa dawa, au hayakutiwa, ndilo jambo lenyewe, yakaenda bwawani. Asubuhi ya Jumatatu ng'ombe wa Mzee Msengi, mfugaji wa kijiji cha jirani, wakabomoa uzio wa miiba wakanywa.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimefika, nimeshika ufunguo wa maabara, nikasikia yowe. Siyo yowe la mtu mmoja. Kijiji kizima kilikuwa kinaita kwa Kinyiramba, wanaume wanatoka mashambani wanakimbia, wana fimbo, wana sime, mmoja ana shoka. Kule bwawani ng'ombe wamelala ukingoni, wengine bado wanarusha miguu. Mmoja alikuwa na mimba, tumbo linacheza na yeye ameshakufa. Sitaki kukumbuka.

Meneja akaona watu wanakuja. Unajua alifanya nini yule mwanaharamu? Alimshika Gwamaka kwenye kola akamsukuma mbele. "Huyu hapa! Huyu ndiye anayemwaga dawa! Kalala, hakumwaga!" Halafu yeye akaingia ofisini akafunga mlango.

Walimpiga, Mama. Sikufichi. Fimbo ya kwanza ilimpata sikioni, na sikio hilo mpaka leo halisikii vizuri, kwa hiyo ukiongea naye kaa upande wa kulia. Alipiga magoti anasema, "Nilimwaga, wazee, nilimwaga, haki ya Mungu." Wakampiga mgongoni, wakampiga mikononi alipojikinga. Damu ikamtoka puani na kichwani. Mtu mwenye shoka alikuwa anaulizia nafasi, anasema, "Nipisheni, nipisheni." Hivyo hivyo, kama mtu anayetaka kupita kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

Mimi sikufikiri chochote. Niliingia katikati yao. Kuna mtu nilimng'ata mkono nikasikia ladha ya damu yake, kuna mwingine nilimvuta nywele, mmoja akanipiga ngumi ya ubavu nikaanguka juu ya mwanao. Nilipoinua macho Mzee Msengi alikuwa amesimama juu yetu sisi wawili, fimbo imepaa. Mzee mwenyewe mrefu, ana mvi, macho mekundu, ng'ombe wote aliowachunga tangu ujana wamelala pale. Sikuwa na jiwe wala panga. Nikapayuka kwa sauti yote niliyonayo:

"Shikamoo, Mzee!"

Huku ukimwamkia mzee lazima aitikie, na asiyeitikia amekukana. Mkono ulibaki juu. Midomo yake ikajibu kabla ya akili.

"Marahaba."

Akajishtukia. Mimi nikaidaka hiyo hiyo. "Umeniitikia, Mzee. Mimi ni mtoto wako sasa. Mtoto hapigwi kabla hajaulizwa. Niulize!"

"Nikuulize nini, wewe? Ng'ombe wangu wameisha."

"Niulize kama huyu alimwaga dawa."

"Alimwaga?"

"Sijui," nikasema. Na ilikuwa kweli, Mama, nilikuwa sijui. "Ila kuna kipimo kitakachosema. Nipe muda kama wa kuchemsha chai."

Watu wakapiga kelele kwamba namchelewesha. Mzee akageuza ndoo ya plastiki akaikalia, akaweka fimbo magotini. Akasema pima hapa hapa, mbele yangu, usiingie ndani. Mwenye shoka akaambiwa amkanyage Gwamaka mgongoni asikimbie.

Nikatoa meza nje. Nikafunga bureti kwenye stendi ya chuma. Mama Shani, mama anayetupikia pale, akanisaidia kubeba maji safi huku analia. Nikachota dawa kwenye lile pipa la bluu mbele ya macho yao, nikazimua, nikatia asidi. Kwa haraka nikajimwagia pamanganeti, ndiyo hii rangi ya vidole. Nikawaambia waziwazi, maana walitaka kujua wanaangalia nini.

"Hii zambarau italiwa. Ikiliwa mpaka huku chini karibu na mwisho wa bomba, dawa ya kwenye pipa ni nzima, na kama dawa ni nzima na ng'ombe wamekufa, basi mdogo wangu hakumwaga, alilala. Ikigoma kuliwa huku juu, dawa ilishakufa ndani ya pipa. Hata angemwaga kama alivyoagizwa ng'ombe wangekufa, na aliyeleta pipa ndiye mkosaji."

"Na wewe utakubali?" akauliza Mzee Msengi.

"Nitakubali."

Uongo huo! Nisingekubali kamwe. Na usinifanye mtakatifu. Nilijua kwamba nikiacha tu kutia asidi, maji yatachafuka kahawia mapema na hakuna hata mmoja pale angejua kitu. Lakini asidi nilishaitia. Mkono umeizoea kazi, ulifanya wenyewe kabla sijawaza ujanja.

Nikafungua koki. Tone la kwanza kwa kawaida linasuasua, likakaa zambarau pale katikati, watu wote shingo mbele. Moyo wangu ukasema, gomea hapo hapo, gomea. Likapotea. La pili likapotea haraka. La tatu, la nne. Kila tone lililokuwa linapotea nilikuwa namuona yule mtu akiinua shoka. Nikawaza zile mara mbili za ndoo usoni. Nikasema Gwamaka, kama ulilala, nitakufufua nikuue tena. Watu wakaanza kunung'unika, "Inaliwa, inaliwa." Gwamaka pale chini alikuwa anahesabu matone kwa kugusa mchanga na kidole.

Halafu waridi ikatokea. Nikatikisa chupa, ikabaki. Nikaishusha mezani, nikaiacha, ikabaki tu. Zambarau ilikuwa imeshuka mistari mitano na kidogo, wakati pipa lenye dawa hai hunifikisha karibu arobaini. Nikaanza upya na nyingine, maana Mzee alidai. Ikagomea pale pale.

Mama, nilichanganyikiwa kwa furaha. Nikaruka. Nikapiga kelele, "Si dawa hii! Ni maji! Mdogo wangu kamwagishwa maji! Maji matupu haya!"

Mzee Msengi akasimama kwenye ndoo yake taratibu.

"Ni maji?"

"Ni maji, Mzee!"

"Ng'ombe wangu nao walikunywa maji," akasema. "Kama hayo ya kwenye pipa ni maji, na anywe."

Unaona mdomo wangu ulivyo? Watu wakaitikia kwa pamoja, anywe, anywe. Mtu akanyakua kikombe cha Mama Shani, akachota kwenye pipa, kikombe kizima, akampa mwanao. Mimi nasema siyo maji hivyo, ni namna ya kusema tu, lakini nani anakusikia? Dawa ile ilikuwa imekufa kwa kazi ya kuua sumu. Kwa koo la mtu ilikuwa hai bado. Ingemchoma kuanzia ulimi, ingemjaa tumboni povu na hewa, ningekuletea jeneza.

Na mjinga yule, mguu ulipoondolewa mgongoni, akainuka akakipokea. Akaninyanyulia kikombe. Uso umevimba, jicho moja limefunga, sikio halisikii ninachopayuka, amesikia neno moja tu na ameliamini kwa sababu limetoka kwa dada yake. "Dada kasema maji," akawaambia, na akatabasamu na damu yake.

Nilikuwa mbali naye hatua kadhaa na watu katikati. Kilichokuwa karibu na mkono wangu ni ile stendi ya chuma ya bureti. Sikumbuki nilivyopita. Nakumbuka kikombe kimegusa mdomo wa chini, na mimi nimezungusha chuma kwa mikono yote miwili, kwa nguvu yangu yote, na mlio wa jino.

Ni mimi, Mama. Jino la mbele na la pembeni yake ni mimi. Wale wote wenye fimbo hawakumtoa hata moja.

Alianguka chali. Ile dawa ilimmwagikia mdomoni na kidevuni, ikakutana na damu, na ikachemka. Ikatoa povu jeupe linafoka, linapanda mpaka puani, linashuka shingoni, na yeye anapiga kelele ya kuungua. Yule mwenye shoka aliruka nyuma. Wanawake wakashika vichwa. Nilichukua ndoo ya maji safi nikammwagia, nyingine, nyingine tena, huku namtemea mate na matusi, "Kunywa! Kunywa sasa! Mbwa wewe! Kila unachoambiwa unakunywa?"

Mzee Msengi aliinama akaangalia lile povu linavyoisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maji gani yanachemka kwenye damu?"

Nikamjibu, "Si maji, Mzee. Nimekosea kusema. Ni dawa iliyochoka. Haina nguvu ya kumwokoa ng'ombe, ila ya kumuua mtu inayo."

Akaniangalia sana. Akamwangalia Gwamaka anavyotema meno yake kwenye mchanga. Halafu akauliza, "Nani alileta mapipa?"

Sikuhitaji kumtaja, maana meneja alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma na anawasha gari. Hakufika getini. Walivunja vioo vyote, wakamtoa dirishani, na niliusikia mkono wake ukivunjika kutoka pale nilipokaa na kichwa cha mdogo wangu mapajani. Alikuwa ananiita, "Tumpe! Waambie, Tumpe!" Niliwaangalia tu. Sikumwamkia mtu yeyote shikamoo kwa ajili yake. Polisi walipofika na difenda yao alikuwa bado anapumua, na sasa yuko hospitali. Wewe utaniombea kanisani kama unaona nimekosa. Mimi mwenyewe bado sijaona.

Mwenye mtambo amekuja, ameahidi kumlipa mzee ng'ombe wake, mtambo umefungwa kwanza. Mzee Msengi alifika mpaka hapa chumbani kwangu Mandewa kumuona mgonjwa, amebeba asali na kuku. Nikamwamkia, akaitikia. Wakati wa kuondoka akasema, "Binti yangu, mkono wako mzito." Nikamwambia hata mama yangu anajua.

Gwamaka hajaniongelesha vizuri tangu siku hiyo. Anakunywa uji kwa mrija, ananitazama. Nilipomsindikiza stendi nilimuuliza kama amekasirika. Akasema, "Dada, we ulisema maji." Basi, akapanda gari, na mimi nikalia hapo hapo stendi, mbele ya wauza karanga.

Nisalimie Baba Mkubwa, mwambie ile dawa ya mgongo aliyoiomba nitaitafuta Singida mjini. Nisalimie wifi, na usimwambie nilichosema kuhusu chai yake. Shangazi anayeuza maparachichi mwambie nashukuru sana, ndaga fijo, kwa sweta, Gwamaka ndiye analivaa. Mtoto wa kaka mbusu shavuni kwa niaba yangu.

Sasa jibu la swali lako umelipata. Ukimaliza kusoma, kasirika kwanza, una haki. Halafu mwite, mwambie afungue mdomo, weka kidole chako pale kwenye pengo. Uliniambia nisimpige, Mama, nami nilikuahidi. Nimempiga mara moja. Ndiyo maana unaye wa kumwambia afungue mdomo.

Ni mimi binti yako, mwenye mkono ule ule,

Tumpe